Mawimbi ya Uso wa Nchi na Asili ya Matetemeko

Katika vitabu vya zamani vya Kiswahili jina lililozoeleka lilikuwa tetemeko la nchi. Siku hizi husemwa zaidi tetemeko la ardhi, na wale waliolelewa katika lugha ya vyuoni husema pia zilizala, kwa kufuata Kiarabu. Majina haya yote hulitaja jambo kwa alama yake ya nje, yaani kutikisika. Hapana hata moja lisemalo ni kitu gani kilichotokea chini hata nchi ikatikisika. Wala hilo si ajabu, maana kwa karne nyingi watu wa mataifa yote waliujua mtikisiko bila ya kuijua asili yake. Aristotle wa Uyunani alifundisha kuwa ni upepo uliofungiwa ndani ya ardhi unaotafuta njia ya kutokea, na fundisho lake lilifuatwa muda mrefu baada ya yeye kufa.

Nia ya makala haya ni kusimulia jinsi asili hiyo ilivyokuja kujulikana, na hasa kazi iliyofanywa na aina moja ya mawimbi, nayo ni mawimbi yatambaayo juu ya uso wa nchi. Mawimbi haya huenda polepole kuliko wenzao, na mahali palipo mbali na tetemeko ndiyo yafikayo mwisho. Hata hivyo ndiyo yaliyotuambia habari kubwa: ufa uliopasuka una urefu gani, ulipasuka kuelekea upande gani, na miamba iliteleza kwa kiasi gani. Tutaona pia kwamba kuchelewa kwao kumepata kuwa na gharama, na kwamba gharama hiyo ilifika mpaka pwani yetu.

Tarehe 1 Novemba 1755 mji wa Lisbon uliangamizwa na tetemeko, na baada yake moto na bahari. Miaka mitano baadaye Mwingereza John Michell alitoa hoja ya kwamba mtikisiko husafiri ardhini kama mawimbi, na kwamba mtu akilinganisha saa za kufika kwake katika miji mbalimbali aweza kukisia mahali ulipoanzia. Sababu aliyoitaja, yaani mvuke wa mioto ya chini, haikuwa sahihi. Lakini wazo la wimbi lilikuwa sahihi, na juu ya wazo hilo elimu yote iliyofuata imejengwa. Karne moja baadaye Robert Mallet wa Ireland alilipua baruti ardhini apate kupima mwendo wa mawimbi hayo, na baada ya tetemeko la Naples la Desemba 1857 alizunguka katika magofu akisoma nyufa za kuta, apate kujua mawimbi yalitoka upande gani. Mallet alikuwa na kuta tu za kusoma. Chombo cha kuaminika cha kunakili mtikisiko wenyewe kilikuwa bado.

Chombo hicho kilipata sura yake huko Japani. John Milne, Mwingereza mjuzi wa madini, alifika Tokyo mwaka 1876 kuwa mwalimu. Tetemeko la Yokohama la Februari 1880 lilimfanya yeye na wenzake kuunda chama cha wachunguzi wa matetemeko, na katika miaka iliyofuata Milne, James Ewing na Thomas Gray walitengeneza sismografu zilizofaa. Kanuni yake ni nyepesi. Uzito hutundikwa hata usiweze kuufuata upesi mwendo wa ardhi; ardhi ikitikisika, uzito hubaki nyuma kwa uzembe wake, na kalamu iliyofungwa kwake huchora tofauti hiyo juu ya karatasi iendayo kwa saa. Hivyo mtikisiko uliokuwa ukipita na kusahauliwa ukaanza kuacha mwandiko.

Wakati huo huo, mbali na vyombo vyote, Lord Rayleigh wa Uingereza alikuwa akifanya hesabu. Katika makala yake ya mwaka 1885 alionyesha kwamba kitu chochote kigumu chenye uso ulio wazi chaweza kubeba wimbi litambaalo karibu na uso huo, lisilozama ndani. Wimbi hilo likipita, kila punje ya ardhi huzunguka katika duara lililobanwa, ikipanda na kushuka, ikienda nyuma na mbele. Na mzunguko huo hufifia kadiri mtu ashukavyo chini. Kisha Rayleigh aliongeza jambo dogo katika maneno lakini kubwa katika maana. Wimbi lipitalo ndani ya ardhi hutawanyika pande zote kama mpira unaovimba, kwa hiyo hudhoofika upesi. Wimbi la uso hutawanyika kama duara la maji katika kisima kilichotupwa jiwe, kwa hiyo huhifadhi nguvu zake zaidi. Basi, alisema, yamkini mawimbi haya yana nafasi kubwa katika matetemeko, na nafasi hiyo huzidi kadiri mtu awavyo mbali.

Ushahidi ulikuja miaka minne baadaye, tena bila ya kutafutwa. Ernst von Rebeur-Paschwitz, kijana Mjerumani, alikuwa ameweka vyombo vyepesi sana huko Potsdam na Wilhelmshaven ili kuchunguza jinsi ardhi inavyoinama kwa mvuto wa mwezi. Tarehe 17 Aprili 1889 vyombo vyote viwili viliandika mchafuko ambao hakuna mtu wa Ujerumani aliyeuhisi. Baada ya kusoma habari za tetemeko lililotokea Tokyo wakati huo huo, alitambua kwamba mawimbi yalikuwa yamevuka kutoka Japani mpaka Ujerumani. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1895 akiwa na miaka 34 tu. Lakini tangu siku ile tetemeko halikuwa tena jambo la mji ulioanguka peke yake. Mtu aliyekaa upande wa pili wa dunia angeweza kulichunguza.

Maandishi hayo ya mbali yalikuwa na utata. Mstari ulitetemeka kidogo, ukatulia, ukatetemeka tena zaidi, kisha ukapanda na kushuka kwa mikunjo mikubwa, mirefu, isiyoisha upesi. Aliyeyapanga haya alikuwa Richard Dixon Oldham, wa idara ya uchunguzi wa miamba ya Bara Hindi. Tetemeko kubwa la Assam la tarehe 12 Juni 1897 lilinakiliwa katika vituo vya Ulaya, na kwa kulilinganisha na mengine Oldham alionyesha, kufikia mwaka 1900, kwamba mawimbi ni ya aina tatu. La kwanza kufika husukuma na kuvuta miamba katika njia ile ile ya safari yake, kama sauti ifanyavyo hewani. La pili huitikisa miamba kwa ubavu. Haya mawili hupita ndani ya dunia. La tatu, lenye mikunjo mikubwa, hufuata uso wa nchi. Nalo ndilo aliloliona Rayleigh katika hesabu zake.

Hata hivyo, hesabu za Rayleigh hazikueleza kila kitu. Vyombo vilionyesha kwamba sehemu ya mawimbi ya uso huitikisa ardhi kulia na kushoto, bila ya kuinua wala kushusha. Mwaka 1911 A. E. H. Love wa Oxford alieleza kwamba mawimbi ya namna hiyo yawezekana ikiwa dunia ina gamba la juu lililo laini kuliko miamba iliyo chini yake. Basi tangu wakati huo mawimbi ya uso yamekuwa na majina mawili, ya Rayleigh na ya Love. Kuwapo kwa wimbi la Love kulikuwa tayari ni habari juu ya dunia yenyewe, kwamba si kitu kimoja toka juu mpaka chini.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze tabia moja ya mawimbi haya, maana yote yatakayofuata yaitegemea. Baharia ajua kwamba kiwimbi kifupi cha upepo hakisumbui maji yaliyo chini, bali wimbi refu la bahari kuu huyatikisa maji mpaka kina kirefu. Ndivyo ilivyo katika ardhi. Wimbi fupi la uso hugusa kilometa chache tu za juu. Wimbi refu hufika kwenye miamba migumu ya chini, nayo huliharakisha. Kwa sababu hiyo mawimbi yaliyotoka pamoja hutengana njiani, marefu yakitangulia na mafupi yakifuata, kama msafara ambao wenye miguu mirefu humwacha nyuma mwenye miguu mifupi. Msomaji wa sismografu akiupanga upya msafara huo aweza kujua mambo mawili: njia waliyopita ilikuwaje, na walitokaje nyumbani. Jambo hilo la pili ndilo tunalolifuata.

Maana wakati mawimbi yalipokuwa yakipangwa, swali la asili lilijibiwa nchi kavu. Tarehe 18 Aprili 1906 San Francisco ilitikiswa na kuungua. Wachunguzi waliofuata ufa wa San Andreas waliona nyua za mashamba na barabara zilizokatwa na vipande vyake kusogezwa kando, mahali pengine karibu mita 6. Mwaka 1910 Harry Fielding Reid alitoa maelezo ambayo bado ndiyo msingi wa elimu hii. Pande mbili za ufa husukumwa polepole kwa miaka mingi, lakini msuguano huzishika zisiteleze; miamba hupindika kama upinde uvutwapo. Siku ufa ushindwapo kushika, pande hizo huteleza ghafula na kurudi katika unyofu wake, na nguvu iliyokusanywa hutoka kwa namna ya mawimbi. Kumbe, kwa fundisho hili, mtikisiko ni habari tu. Tukio ni mtelezo.

Fundisho hili lilikuwa zuri, lakini lilitegemea nyua za mashamba. Matetemeko makubwa mengi hutokea chini ya bahari, mahali ambapo hapana ua wa kukatika. Mengine hutokea katika nchi kavu ambako wakati huo hapakuwa na wapimaji. Mfano mmoja ni wa nchi zetu. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa, kusini-magharibi ya Tanzania ya leo, lilipatwa na tetemeko lililo kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika ya Mashariki katika karne ya 20. Ukubwa wake umekadiriwa kuwa 7.4, na kadirio hilo limetokana na mawimbi ya uso yaliyonakiliwa katika vituo vya mbali. Waliolihisi chini ya miguu yao walikuwa hapa. Kalamu zilizolipima zilikuwa ng'ambo.

Namna ya kukadiria ukubwa kwa mawimbi hayo ilitungwa na Beno Gutenberg, mtaalamu wa Kijerumani aliyehamia Pasadena, California. Charles Richter alikuwa ametoa kipimo chake mwaka 1935 kwa matetemeko ya karibu. Mwaka 1945 Gutenberg alikieneza kwa matetemeko ya dunia nzima, akitumia urefu wa mikunjo ya mawimbi ya uso yanayochukua kiasi cha sekunde 20 kupanda na kushuka mara moja. Kipimo hiki kilikuwa cha manufaa makubwa, na kiliwapa wataalamu lugha moja. Lakini kilikuwa na kasoro iliyofichika. Wimbi la sekunde 20 lina urefu wa kilometa 70 hivi. Ufa uliopasuka kwa kilometa 40 laweza kuupima vema. Ufa uliopasuka kwa kilometa 1,000 haliwezi, kama vile upondo usivyoweza kupima kina cha bahari kuu. Ndani ya hori upondo husema kweli. Nje ya mwamba, pima 20 na pima 200 kwake ni sawa, maana vyote viwili haugusi chini. Hapo pahitaji bildi yenye kamba ndefu, na kamba hiyo ni mawimbi marefu zaidi.

Mawimbi marefu yalipatikana katika tetemeko la Chile la tarehe 22 Mei 1960, kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa kwa vyombo. Bahari iliyoinuliwa nalo iliua watu 61 huko Hilo katika Hawaii, na wengine zaidi ya 100 katika Japani, ng'ambo ya Pasifiki. Mawimbi yake ya uso yaliizunguka dunia mara kwa mara, yakikutana na kupishana, hata dunia nzima ikawa inavuma kama kengele iliyogongwa. Mvumo ulio mzito kuliko yote huchukua kiasi cha dakika 54 kwenda na kurudi. Hugo Benioff wa Pasadena alikuwa ameushuku katika tetemeko la Kamchatka la mwaka 1952. Kwa Chile shaka iliondoka.

Katika mwaka uliofuata, yaani 1961, Ari Ben-Menahem alionyesha jinsi mawimbi haya yanavyoweza kusema habari za ufa wenyewe. Wazo lake twaweza kulieleza kwa mfano wa dukani. Mwuza nguo atakaye kuigawa doti ya kanga hukata pindo kidogo kwa mkasi, kisha huivuta kwa mikono. Kuchanika hakutokei mahali pote mara moja. Huanza kwenye pindo na kukimbia mpaka upande wa pili. Ufa nao hupasuka hivyo, kwa mwendo wa kilometa mbili au tatu kila sekunde. Aliye upande ambao mpasuko waelekea hupata mawimbi yaliyosongamana, mafupi na yenye nguvu. Aliye nyuma hupata mawimbi yaliyotawanyika, marefu na dhaifu. Uzuri wa mawimbi ya uso ni kwamba kituo kimoja hupata yote mawili, maana wimbi moja huja kwa njia fupi na lingine huizunguka dunia na kufika kwa mlango wa nyuma. Kwa kuyalinganisha, mtu aliyekaa California aliweza kupima urefu na mwendo wa mpasuko uliotokea chini ya bahari ya Chile, nao ulikuwa wa kilometa karibu 1,000.

Wakati huo huo siasa za dunia ziliipa elimu hii vyombo ambavyo isingevipata kwa njia nyingine. Mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia, na swali lililojadiliwa na wataalamu huko Geneva mwaka 1958 lilikuwa hili: je, mlipuko uliofanywa chini ya ardhi waweza kutambulikana na tetemeko? Mawimbi ya uso yalikuwa sehemu kubwa ya jibu. Mlipuko husukuma nje pande zote kwa mara moja na kwa mahali padogo, nao hutoa mawimbi dhaifu ya uso ukilinganishwa na mawimbi yake ya ndani. Mtelezo wa ufa hutoa mawimbi ya uso yenye nguvu. Kwa ajili hiyo Marekani iligharimia vituo zaidi ya 100 vyenye vyombo vya namna moja katika nchi nyingi, Nairobi na Addis Ababa zikiwa miongoni mwao. Vilivyowekwa ili kuwapeleleza watu vikawa vyombo vya kuisoma dunia.

Aliyevitumia kwa namna iliyobadili elimu yote ni Keiiti Aki. Tarehe 16 Juni 1964 mji wa Niigata, magharibi ya Japani, ulipatwa na tetemeko. Picha zake zajulikana sana: majumba ya ghorofa yaliyolala ubavu bila ya kuvunjika, kwa sababu mchanga uliojaa maji chini ya misingi yake uligeuka kuwa uji. Kisiwa cha Awashima, karibu na hapo, kiliinuka kwa kiasi cha mita moja na kuinama. Lakini ufa wenyewe ulikuwa chini ya bahari. Aki alikusanya maandishi ya vituo vya dunia, akayachunguza mawimbi marefu ya Love, na katika makala yake ya mwaka 1966 akatoa kiasi ambacho tangu hapo huitwa momenti ya tetemeko.

Momenti ni tokeo la vitu vitatu vikizidishwa pamoja: eneo la ufa uliopasuka, umbali ambao pande zake ziliteleza, na ugumu wa miamba. Kwa Niigata eneo lilikuwa kilometa 100 kwa 20, na mtelezo wa wastani mita 4. Pia nguvu ya mawimbi haikuwa sawa katika kila upande wa dira. Yalikuwa na nguvu pande fulani na kufifia kati yake, kama ua lenye petali nne. Sura ya ua hilo huonyesha ufa umelala upande gani na pande zake ziliteleza vipi. Hapo ndipo maneno ya Reid yalipopata kipimo pasipo ua wa shamba. Mtelezo uliofichwa na bahari ulisomwa katika karatasi za vituo vilivyokuwa mbali maelfu ya kilometa.

Hiroo Kanamori ndiye aliyekitoa kipimo hiki kwa wote. Mwaka 1977 alionyesha jinsi ya kuigeuza momenti kuwa namba inayofanana na zile zilizozoeleka. Ndipo kasoro ya upondo ilipoonekana wazi. Kwa kipimo cha sekunde 20 San Francisco ya 1906 na Chile ya 1960 zilikuwa karibu sawa, kama 8.3. Kwa kipimo cha momenti San Francisco ikawa 7.9 na Chile ikawa 9.5, na katika hesabu hii tofauti hiyo ni zaidi ya mara 100. Matetemeko mawili yaliyodhaniwa kuwa ndugu yalikuwa kumbe kilima na mlima.

Si hilo tu. Mwaka 1972 Kanamori alikuwa amechunguza matetemeko ya aina ya hatari sana, ambayo mpasuko wake huenda pole. Ufa uchanikapo polepole hutoa mawimbi mafupi machache, kwa hiyo watu huhisi mtikisiko mdogo. Lakini mtelezo ni mkubwa, na bahari huinuliwa kwa kadiri ya mtelezo. Tarehe 15 Juni 1896 watu wa pwani ya Sanriku huko Japani walihisi tetemeko dogo tu, wakaendelea na shughuli zao. Dakika kama 35 baadaye bahari ikaja, na watu karibu 22,000 wakafa. Tarehe 2 Septemba 1992 jambo la namna hiyo lilitokea Nicaragua. Miguu ya watu ilidanganyika. Mawimbi marefu ya uso hayakudanganyika.

Sasa twafika katika sehemu ituhusuyo sisi. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu na saa kumi alfajiri kwa saa za Afrika ya Mashariki, ufa ulio magharibi ya Sumatra ulianza kupasuka. Haukukoma upesi. Uliendelea kuelekea kaskazini kwa muda wa dakika nane au zaidi, ukapita Nicobar na kufika Andaman, kilometa kama 1,300. Wachunguzi wa kituo cha tahadhari cha Pasifiki huko Hawaii walitoa kadirio la kwanza baada ya dakika kama 15, nalo lilikuwa 8.0. Wakati huo walikuwa na mawimbi ya ndani tu, yale yatanguliayo. Baada ya saa moja hivi kadirio lilipanda kuwa 8.5. Saa kadhaa baadaye, mawimbi marefu ya uso yalipokwisha kuchambuliwa vema, lilifika 9.0, na katika miezi iliyofuata Seth Stein na Emile Okal, kwa kutumia mivumo mizito kabisa ya dunia, walitoa 9.3. Leo hutajwa kuwa kati ya 9.1 na 9.3. Baina ya 8.0 na 9.1 momenti huzidi zaidi ya mara 40.

Watu kama 230,000 walikufa katika nchi zilizozunguka Bahari ya Hindi. Wa Aceh walikuwa na dakika chache tu, na hapana hesabu ya mbali ambayo ingewafikia. Wao walihitaji kujua kwamba mtikisiko mrefu wa pwani ni amri ya kukimbilia mlimani. Wa Sri Lanka walikuwa na saa mbili. Pwani ya Afrika ilikuwa na saa nane, kwa kukisia. Hata hivyo katika Somalia walikufa watu karibu 300, katika Tanzania kumi au zaidi, na katika Kenya, ambako habari zilisikika kwa redio na televisheni na watu wakaondolewa fukoni, alikufa mmoja.

Tuzilinganishe safari hizo mbili. Kutoka Aceh mpaka Mombasa ni kilometa kama 6,200. Mawimbi ya uso, tuliyoyaita ya polepole, huvuka umbali huo kwa nusu saa. Bahari huuvuka kwa saa nane. Basi alfajiri ile, watu wa pwani walipokuwa bado wamelala, habari kamili ya mpasuko ilikwisha kupita chini ya vitanda vyao, ikiwa na urefu wake, upande wake na mtelezo wake, na ikaandikwa katika vyombo. Kilichokosekana si wimbi, wala hesabu ya kulisoma, maana Aki alikuwa ameionyesha tangu 1966. Kilichokosekana ni mtu aliyewekwa kulisoma upesi kwa ajili ya bahari hii, na njia ya kulipeleka neno lake kwa mvuvi.

Tangu hapo mengi yametengenezwa. Mpango wa tahadhari wa Bahari ya Hindi ulianzishwa chini ya UNESCO, na nchi zetu zimo ndani yake. Wataalamu wamepata namna ya kutumia mawimbi marefu yanayotangulia mbele ya mawimbi ya uso, hata momenti ya tetemeko kubwa yaweza kujulikana kwa dakika zisizozidi 30. Lakini mwisho wa safari ya habari ni neno la mdomoni. Jina tsunami limetoka Kijapani, nalo limeingia katika Kiswahili kwa mlango wa msiba. Kwa wenye kazi ya lugha hilo ni jambo la kufikiriwa. Mtelezo, mpasuko na wimbi la uso si maneno ya maabara peke yake. Hayana budi kuwa wazi katika shule ya Pangani na katika kijiwe cha wavuvi wa Lamu, ili siku itakayokuja, atakapoambiwa mtu kwamba ufa wa mbali umepasuka kwa kilometa 1,000, asiulize maana yake, bali apande juu na kuwaita wenzake.